Mwenzetu kazini anakohoa wiki ya nne, chumba ni kimoja na dirisha limefungwa kwa baridi. Tuanzie wapi?

CherehaniMbili (Mafinga)

Kamwene wadau. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili, tusije tukafanya kwa kubahatisha.

Tuko mafundi saba kwenye chumba kimoja hapa Mafinga, tunashona sare za shule na makoti. Chumba ni mita 5 kwa 4. Mlango ni mmoja, dirisha ni moja la vioo vya kusukuma, na vyote viko upande wa barabarani. Kuanzia Juni dirisha halifunguliwi kabisa, na asubuhi jiko la mkaa linaingizwa ndani kwa ajili ya pasi na kuota moto.

Fundi mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anakohoa wiki ya nne sasa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi kikavu, sasa anatoa makohozi na kuyatemea kwenye kipande cha kitambaa. Amepungua, mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya. Ameshanunua dawa ya maji ya kifua na vidonge vya rangi mbili pale duka la dawa. Anapata nafuu siku mbili tatu, kikohozi kinarudi. Hospitali hataki kusikia, maana tunalipwa kwa kipande na siku usiyoshona huna kitu.

Humu ndani tumegawanyika. Wawili wamemtengea kikombe na wanataka bosi amwondoe. Bosi anasema ni baridi tu, oda iishe kwanza. Mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi sita, na mwingine anakuja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anamlaza chini ya meza ya kukatia, hatua mbili kutoka anapokaa mgonjwa.

Nauliza: tutajuaje kama ni ugonjwa wa kuambukiza? Nani amwambie, na amwambie vipi? Na kabla hajapimwa, sisi tuendelee kukaa naye chumba kimoja?

NesiNyanda

Pole dada, na mpe pole na yeye. Naanza na la haraka: huyo mtoto asilale tena humo ndani kuanzia kesho. Msisubiri majibu. Sababu nitaieleza chini.

Hamtajua kwa kumtazama, na si kazi yenu kujua. Kazi yenu ni kuona kwamba amefika mahali pa kupimwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kupima kifua kikuu (TB), hata kama hakuna dalili nyingine. Kwa mtu anayeishi na VVU haisubiriwi hata hizo wiki mbili. Kikohozi cha muda wowote kinapimwa. Nyingine tunazouliza ni homa, hasa jioni, kutokwa jasho usiku mpaka shuka inalowa, kupungua uzito bila kukusudia, na damu kwenye makohozi. Ndugu yenu ana kikohozi cha wiki nne na amekonda. Hizo ni mbili tayari. Asingoje ya tatu.

Hata hivyo msimpe jina la ugonjwa. Kikohozi kirefu kina sababu nyingi: pumu, moshi wa mkaa, vumbi la nyuzi za vitambaa, sigara za miaka mingi, tindikali inayopanda kutoka tumboni, moyo kushindwa kazi, hata baadhi ya dawa za presha kama enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Mtu akishaitwa "mwenye TB" mtaani halafu majibu yakaonyesha hana, lile jina haliondoki.

Kuhusu dawa za dukani. Vidonge vya rangi mbili, ambavyo mara nyingi ni amoksilini, haviui vijidudu vya TB. Vinatuliza maambukizi mengine yaliyokaa juu yake, mtu anadhani anapona. Mbaya zaidi ni akiuziwa dawa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini. Hizo zinaweza kuvipunguza vijidudu vya TB kwa muda, dalili zikapoa, ugonjwa ukachelewa kugunduliwa wiki kadhaa zaidi. Na dawa ya maji inatuliza koo tu. Mwambieni asitishe kununua, na aende na maboksi ya dawa alizokwisha kunywa ili daktari azione.

Kupima kwenyewe kuko hivi. Aende asubuhi kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au moja kwa moja hospitali ya Mafinga, aulizie kliniki ya kifua kikuu na ukoma. Kupima TB na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali nchini kote. Atapewa kikopo chenye mfuniko. Watu wengi wanakosea hapa: wanatema mate, maabara inakataa sampuli au majibu yanatoka hayana maana. Asukutue mdomo kwa maji matupu, asimame nje penye hewa, mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani, si kooni. Yanahitajika makohozi mazito kama kijiko kimoja cha chai, mililita 3 mpaka 5. Ya alfajiri, kabla hajala kitu, ndiyo mazuri kuliko yote, kwa hiyo wakimpa kikopo cha kwenda nacho nyumbani akubali. Afunge mfuniko vizuri, asikiweke juani, akipeleke siku hiyo hiyo.

Mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, na inaonyesha pia kama vijidudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ucheleweshaji unatokana na foleni na usafiri, maana kituo kisicho na mashine hutuma sampuli kwenye chenye nayo. Akiacha namba ya simu inayopatikana inasaidia sana. Kuna watu majibu yao yametoka na hawapatikani.

Sasa nani amwambie. Asitumwe kijana. Mtu wa umri wake anamsikiliza wa umri wake au fundi aliyemkuta kazini. Mmoja tu, pembeni, wakati wa kufunga kazi, si mbele ya meza za watu. Maneno yawe mepesi: "Kaka, kifua chako kimekaa muda mrefu na dawa za dukani zimeshindwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili hospitali wanapima makohozi bure. Kesho asubuhi twende wote, vipande vyako vya asubuhi tutakushonea." Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, maana kinachomzuia ni hela ya siku. Mkigawana vipande vyake sita au saba hakuna atakayeumia. Akikataa, msimkabe siku hiyo. Rudieni baada ya siku mbili, na safari hii mshirikisheni mkewe au ndugu yake wa karibu kwa ruhusa yake. Pia kuna watoa huduma za afya ngazi ya jamii mitaani ambao hiyo ni kazi yao: wanafika nyumbani, wanahoji dalili, wanachukua makohozi wanapeleka wenyewe. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga, mnaweza kuulizia hapo mkikwama.

Ila akitema damu nyingi, akihema kwa shida akiwa amekaa tu, au akianza kuchanganyikiwa, hakuna mazungumzo tena. Hospitali saa hiyo hiyo.

Hewa_na_Tofali (Mbeya)

Nisaidie upande wa chumba, maana hapo ndipo mnapoumia wote, awe ana TB au ana mafua tu.

Vijidudu vya TB havikai kwenye kikombe. Vinatoka na chembe ndogo sana mtu anapokohoa, kuongea au kuimba, na chembe hizo zinaelea hewani kwa saa nyingi kwenye chumba kilichofungwa. Kwa hiyo kumkalisha mita mbili huku dirisha limefungwa hakusaidii; jioni hewa ya chumba chote ni moja. Cha kuhesabu ni saa mnazokaa humo na hewa inavyobadilika.

Kuna hesabu wanayotumia watu wa kudhibiti maambukizi. Hewa ya chumba ikibadilika mara 2 kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizomo kunachukua dakika 138. Ikibadilika mara 6, dakika 46. Ikifika mara 12, dakika 23. Chumba chenu kilivyofungwa sasa huenda hakifiki hata mara 1. Na hapo mgonjwa awe ametoka. Akiwa ndani anaendelea kuongeza.

Kipimo rahisi kwa chumba kinachotegemea hewa ya asili: matundu yanayofunguka yafikie asilimia 20 ya sakafu. Ninyi sakafu ni mita za mraba 20, mnahitaji matundu ya mita za mraba 4. Dirisha la kawaida la mita 1.2 kwa 1.2 la vioo vya kusukuma linafunguka nusu tu, sawa na 0.72. Mlango wa 0.9 kwa 2.1 ni 1.89. Jumla 2.61, na hapo kila kitu kiwe wazi. Tena vyote viko ukuta mmoja, kwa hiyo hewa inaingia na kutokea mlemle, ile ya nyuma ya chumba haisogei.

Jaribuni hivi muone kwa macho. Washeni dawa ya mbu ya kuzungusha, ile ya moshi. Mlango na dirisha vikiwa wazi, ishikeni usawa wa kifua pale anapokaa mgonjwa, kisha pale anapolazwa mtoto, kisha kila kona. Moshi ukivutwa kuelekea nje moja kwa moja, pako sawa. Ukipanda wima na kutanda darini, hewa imelala. Ukielekea usoni kwa fundi mwingine, basi huyo ndiye anayevuta kila kinachotoka kwa mgonjwa. Fanyeni asubuhi na mchana, upepo hubadilika.

La kudumu ni kutoboa ukuta wa nyuma. Ongeeni na mwenye nyumba: matofali ya matundu safu mbili chini kidogo ya dari, upana wa mita mbili hivi, au dirisha dogo la nondo lisilo na kioo. Fundi ujenzi anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Msiweke wavu wa mbu wenye matundu madogo sana. Ukishashika vumbi la nyuzi unaziba na hewa haipiti, kwa hiyo mkiweka, upigwe brashi kila wiki. Juu ya mlango pia toeni ubao au kioo cha pale juu muweke nondo. Matundu ya juu ni mazuri kwa baridi yetu, maana hewa iliyopashwa na miili na pasi inapanda na kutokea huko, na ubaridi haukupigi miguuni.

Kwa wiki hii, kabla ya tofali: kama mna feni ya mezani, iwekeni dirishani ikitazama nje, ili itoe hewa. Msiielekeze ndani, na feni ya dari msiiwashe kwenye chumba kilichofungwa, inakoroga tu. Cherehani ya mgonjwa ihamie pale hewa inapotokea, si inapoingilia. Huku kwetu Juni mpaka Agosti upepo mwingi unatoka kusini mashariki, ila majengo ya jirani huugeuza, ndiyo maana nasema mpime kwa moshi. Na ukungu ukishapanda, mnaoweza kushonea barazani tokeni. Overloki na meza ya kukatia zibaki ndani, cherehani za miguu zinabebeka.

Jiko la mkaa litoke nje leo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala na jiko. Watu kadhaa wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja asubuhi, si malaria ya wote, ni jiko. Pasi ipashwe nje, iingizwe ikiwa imeshika moto na majivu yamepulizwa. Kwa baridi vaeni sweta mbili na soksi nzito.

Ajira_Iringa

Hao wawili wanaotaka aondolewe, na bosi anayesema oda iishe, wote wasomewe hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Ile karatasi ya ED, ya daktari kumpumzisha kazi, asiipoteze, atoe nakala, halisi akabidhi na kusainiwa kwamba imepokelewa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo ya kulipwa.

Bosi atasema "huyu ni wa kipande, si mwajiriwa". Haiishii hapo. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata kimoja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mtu huyo, saa zake zinapangwa na yeye, anatumia vifaa vyake, anamtegemea kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Anayekaa kwenye cherehani ya bosi kila siku kuanzia saa mbili amepita hapo. Kukosa mkataba wa maandishi ni kosa la mwajiri kutoutoa, hakumfuti mfanyakazi.

Kumfukuza kwa sababu anakohoa kutampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Iringa ofisi ipo. Fomu ya mgogoro wa kuachishwa kazi inajazwa ndani ya siku 30. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri aangalie kwanza ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, na kama kuna kazi nyepesi au mpangilio mwingine. TB ya kawaida inatibika kwa miezi 6, na mtu anarudi kazini mapema zaidi ya hapo. Kumwondoa ni jambo gumu kulitetea.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama, na hewa ya kutosha imo. Kwa hiyo hilo tundu la ukutani si hisani yake. Mwambieni kwa heshima kwanza. Akipuuza, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi ya kanda hii Mbeya.

Na siri ya mgonjwa ibaki kwake. Bosi ana haki ya kujua kwamba mtu haruhusiwi kufanya kazi mpaka tarehe fulani. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe kwenye kundi lenu la WhatsApp. Kumlazimisha mfanyakazi kupima VVU ili abaki kazini ni marufuku kwa sheria ya 2008. Hospitali watampa ushauri na kumpima kwa ridhaa yake kama sehemu ya huduma ya TB. Hiyo ni ya hospitali na yeye.

CherehaniMbili (Mafinga)

Asanteni sana wakuu. Jiko limetoka, na fundi mkubwa wetu amekubali kuongea naye leo jioni. Bosi tumemwonyesha habari ya siku 63, amenyamaza, ila ukuta amesema ataongea na mwenye nyumba.

Nimebaki na haya: wengine tukapime sasa hivi? Vikombe na nguo alizoshona tufanyeje, wateja wasije wakasikia? Na akikutwa nayo, anarudi lini?

NesiNyanda

Vikombe vioshwe kwa sabuni kama siku zote, mrudishie chake kwenye sinia la wote. TB haiambukizwi kwa sahani, kushikana mikono, choo wala nguo. Sare alizoshona ziuzwe. Ila kile kitambaa anachotemea kisikae mezani. Apewe kopo lenye mfuniko na majivu au jiki kidogo ndani, jioni amwage kwenye choo cha shimo. Avae barakoa akiwa ndani. Hata ile ya kawaida ya hospitali inazuia sehemu kubwa pale inapotokea. Kwenu ninyi barakoa hiyo hiyo haizuii vizuri, chembe zinapita pembeni. Inayozuia ni N95 iliyobana uso. Kwa hiyo mwenye kukohoa ndiye avae, na ili asione kama mnamnyanyapaa, anayekohoa yeyote humo ndani avae.

Ninyi wengine, mwenye dalili hata moja katika nilizotaja apime sasa. Asiye na dalili hana cha kukimbilia leo. Makohozi hana, mashine haitaona kitu. Subirini majibu yake. Akikutwa nayo, kliniki itaomba majina ya wanaoishi naye na wanaokaa naye muda mrefu, na chumba chenu kimo. Mtahojiwa, wengine mtapigwa picha ya kifua. Mjue kwamba kuvuta vijidudu si kuugua. Katika watu waliopata maambukizi, asilimia 5 mpaka 10 tu huugua maishani, na wengi wao ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili mwakani nacho ni cha kupimwa, msikisahau. Anayeishi na VVU au mwenye kisukari hatari yake ni kubwa zaidi, akajieleze mwenyewe kliniki, si kazini.

Mtoto sasa. Chini ya miaka 5 mwili haujaweza kuvizuia vijidudu, ugonjwa unaweza kwenda haraka mpaka kwenye ubongo. Chanjo ya BCG aliyopata alipozaliwa inapunguza hizo aina kali lakini haimkingi kikamilifu. Mama aende na kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukiwa umelala au umeshuka ni dalili tosha ya kuchunguzwa, hata kama hakohoi. Akionekana hana ugonjwa, atapewa dawa za kinga, za miezi mitatu au sita kulingana na aina. Asikatishe katikati kwa kuwa mtoto anacheza vizuri. Mjamzito aseme kwenye kliniki yake ya wajawazito kwamba anakaa chumba kimoja na mtu anayekohoa, wamchunguze. Hata akikutwa na ugonjwa, dawa za kawaida za TB hutumika wakati wa ujauzito.

Kurudi kazini: kwa TB isiyo sugu, kwa kawaida baada ya wiki mbili za dawa anazomeza kila siku, kikohozi kikiwa kinapungua, daktari wa kliniki akikubali. Matibabu ni miezi 6: miwili ya mwanzo vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja, idadi kulingana na uzito wake, kisha minne ya dawa mbili. Ikiwa sugu, mpango ni tofauti na ruhusa inachelewa.

Akirudi msishtuke mkisikia mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa. Ni rifampisini, haina madhara. Kichefuchefu cha wiki za mwanzo kipo. Macho yakiwa ya njano, au akitapika kila kitu, arudi kliniki siku hiyo. Pombe aiache kabisa miezi hiyo sita kwa sababu ya ini, na hapo mumsaidie: ulanzi ukiletwa jioni msimkaribishe. Na kwa mwanamke yeyote atakayeanza dawa hizi, rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, aulizie njia nyingine.

Hatari kubwa ni mwezi wa pili au wa tatu. Amenenepa, hakohoi, oda ni nyingi, anaruka siku ya kliniki. Hapo ndipo TB sugu inapotengenezwa. Mpangieni zamu ya vipande kwa siku zake za kliniki kama mlivyofanya siku ya kupima.

AfyaMazingira_Njombe

Niongeze kidogo kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na mgonjwa wa aina nyingine, maana siyo kila anayeumwa kazini anakohoa.

Mafua makali yenye homa: abaki nyumbani mpaka homa iishe saa 24 bila kumeza panado. Mafua yanapita pia kwa mikono, kwa hiyo hapa kunawa kuna maana kubwa. Macho mekundu yanayotoa machozi: taulo, mto na simu visishirikiwe, na asiweke maziwa ya mama wala dawa ya macho ya mwenzake. Tetekuwanga: mpaka vipele vyote vikauke magamba, kwa kawaida siku 5 mpaka 7, mjamzito ambaye hajawahi kuugua na amekaa naye aende kliniki haraka. Surua: siku 4 tangu vipele vitokee asikaribiane na watu.

Kuhara, hasa kwa mama lishe na wahudumu wa mgahawa, asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu aharishe mara ya mwisho. Kuhara majimaji kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo: anywe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, akiwa njiani kwenda kituoni, na kituo kiarifiwe mapema.

CherehaniMbili (Mafinga)

Amekubali. Kesho saa moja asubuhi anaenda na fundi mkubwa, mtoto atabaki kwa bibi yake. Ila mmoja ameuliza: je, wakisema hana TB, ndiyo tumalize?

NesiNyanda

Hapana. Jibu la "hakuna TB" kwa mtu aliyekonda linafuatwa na picha ya kifua, maana wakati mwingine sampuli huwa ni mate au vijidudu ni vichache. Asiondoke kliniki kabla hajaambiwa tarehe ya kurudi. Aombe apimwe sukari pia, kupungua uzito kunaweza kuwa huko. Na amweleze daktari kazi yake kwa undani: kitambaa gani, miaka mingapi, jiko la mkaa ndani ya chumba, kama anavuta sigara, dawa za presha anazotumia. Pumu na mapafu yaliyochoshwa na moshi vina dawa zake za kuvuta, na hazifanani na za dukani alizokuwa ananunua. Ukuta utobolewe vyovyote majibu yatakavyokuwa.